Poti Kubwa Kuliko Zote Dukani

Jumatatu, 3 Juni

Aibu! Mazoezini nimegusa kifundo cha sauti, gitaa likakwaruza kama mtu anayekwangua sufuria. Bendi nzima ikanigeukia. Shemeji, kaka wa mke wangu na kiongozi wetu, akasema likikwaruza tena harusini Jumamosi, solo ya wimbo wa maharusi anampa Kidevu. Kidevu! Mpiga gitaa wa pili, ambaye akikosea nota hufumba macho ili tudhani ni hisia. Solo hiyo nimeisubiri mwaka mzima. Haiendi popote.

Kidevu, kwa huruma ya kinafiki, akasema zimekufa poti, vile vidude vya ndani vinavyozungushwa na vifundo vya sauti na toni. Nikamwambia najua. Sikujua.

Jumanne, 4 Juni

Duka la vifaa vya umeme. Mama mwenye duka akauliza sumaku za kunasa sauti kwenye gitaa langu zina koili moja moja au pacha. Nikajibu ni jekundu. Akanitazama. Akasema nichukue za laki mbili na nusu. Nikashtuka, kumbe si bei, ni kipimo cha kuzuia umeme. Tena ziwe na herufi A, kwa sababu hizo hupandisha sauti polepole.

Polepole! Nani kaja kutafuta polepole? Nikauliza kubwa kuliko zote ni zipi. Akatoa za milioni moja, herufi B. Akanionya kwamba gitaa litalia kali mno na sauti itaruka ghafla. Tamaa ya biashara tu, ana A nyingi zimemdodea. Isitoshe, A ni ya wanaoanza. B ni hatua ya pili. Nimechukua B.

Jumatano, 5 Juni

Poti haziingii kwenye matundu. Nene mno. Sikati tamaa ng'o! Nimepanua matundu kwa mkasi wa mke wangu, ule wa kukatia nguo za wateja. Matundu safi. Mkasi umepinda. Vifundo vya zamani navyo vimekataa, kwa hiyo poti nimezivisha vizibo vya dawa ya meno. Vinapendeza.

Mke wangu akauliza nani kagusa mkasi wake. Nikasema vyuma vya siku hizi havina maana. Akauliza mbona dawa ya meno imetapakaa bafuni. Hapo nikakumbuka nina safari ya dukani.

Ijumaa, 7 Juni

Halikwaruzi! Nimepiga mazoezi yote nikiwa nimefungulia sauti mpaka mwisho. Mpiga ngoma kaziba masikio. Wivu. Kidevu akanishauri nijaribu pia kulipiga chinichini kabla ya harusi. Nikamwambia awashauri wenzake.

Kesho mama yangu atakuwepo. Hajawahi kunisikia nikipiga peke yangu. Nimefurahi mpaka naogopa.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji akanipa ishara nianze taratibu, baba wa bibi harusi akiwa bado anawashukuru wageni. Nikazungusha kizibo kidogo. Kimya. Kidogo tena. Mlipuko! Mzee akaangusha maikrofoni. Bibi harusi akamkumbatia mpiga picha. Nikataka kupunguza, kizibo kikachomoka, kikabingirika chini ya meza ya keki. Nikakifuata kwa magoti, gitaa likipiga mayowe mgongoni.

Solo kaimaliza Kidevu. Macho wazi, hakukosea hata mara moja. Mama akaniambia shati langu limenipendeza. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaja na mfuko. Akasema kunifukuza hawezi, dada yake atamlaumu, lakini nikionekana karibu na gitaa atasahau kwamba sisi ni ndugu. Kuanzia sasa mimi ni mtu wa manyanga. Akayatoa mfukoni, akanikabidhi, akaondoka bila hata kunywa chai.

Nimelia. Kidogo. Kisha nikajifuta uso na kuyatikisa kwa makini, na tatizo la bendi yetu nikaligundua palepale. Mbegu za ndani ni laini mno, mtu wa nyuma ukumbini atasikia nini? Nimezimwaga zote na kujaza misumari.