Jinsi Mkono Wangu Ulivyosimama Mbele ya Bendera ya Bunia

Enyi mnaokaanga samaki wa Tchomia, enyi waendesha pikipiki mnaosubiri wateja juani, nanyi mliosoma mkakosa kazi kama mimi, sogeeni! Zimeni simu, au basi punguzeni sauti. Nawasimulia vita ambamo hakufa mtu, isipokuwa mkono wangu wa kuume, uliokufa ganzi.

Ndimi Caleb, mwana wa mji wa Aru, mwenye shahada ya historia iliyofunikwa plastiki, niliyeingia Bunia kwa fahari nikiwa nimekalia gunia la vitunguu. Sikufuata dhahabu ya migodi ya Kilo. Nilitumwa na koko wangu Dorothée, mama yake baba, ambaye macho yake yanaingia ukungu, na ambaye picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba wakati wa vita.

"Caleb," aliniambia, "kule Bunia iko nyumba kubwa ya serikali, ya nguzo nyeupe. Mule ndani tulioana na koko yako mwanaume mbele ya sheria. Uniletee foto yake kabla macho yangu ifunge."

Nikaapa. Na jioni nikalifikia jengo. Loo, jengo lile! Nguzo zake zilisimama kama majemadari wastaafu, rangi imewatoka lakini vifua bado vimetuna. Ngazi zake pana zilimngojea mkubwa fulani aliyeondoka zamani bila kuaga. Na juu ya paa kunguru walikuwa wakishauriana mambo ya nchi. Nikachomoa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikaiinua juu kama mtu ainuaye upanga.

Hapo filimbi ikalia.

Kila mtu wa Kongo anaijua filimbi hiyo: bendera inashuka, asisogee mtu. Pikipiki zikazimwa. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani akasimama, mguu mmoja mbele. Nami nikaganda vilevile nilivyokuwa, mkono juu, simu imelenga jengo. Pale mlangoni polisi mmoja, Paluku kwa jina lililoandikwa kifuani, alikuwa akipiga saluti, na macho yake yakanikuta. Yeye hakuweza kunijia. Mimi sikuweza kukimbia. Tukatazamana kama simba wawili waliofungwa kamba.

Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Bonyeza, moyo ukaniambia, koko anangoja! Lakini shuleni Aru tulifundishwa kwamba bendera ikishuka, hata nzi akikutulia puani unamwacha. Nami, maskini, bado naiamini nchi hii. Nzi naye hakukosa kuja. Bendera ikashuka taratibu, ikikunjwa kwa upendo usio na haraka hata kidogo, na bega langu likalia kilio ambacho mimi peke yangu nilikisikia.

Filimbi ikalia tena. Paluku akanivamia.

"Weye! Batu bote banajua hapa hakuna kupiga foto! Leta telefone!"

"Ee chef, mkubwa wangu, mlinzi wa nguzo na ngazi," nikahutubu, "mimi ni mwana wa nchi hii, sikuja kwa hila, wala kwa..."

"Acha mahubiri. Telefone!"

Akapekua. Akakuta picha za mbuzi wa kwetu, na shahada yangu niliyoipiga picha kutoka pande zote. Jengo hakuliona.

"Hukupiga?"

"Bendera ilikuwa inashuka, chef."

"Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale kama muti! Ungepiga, ungekimbia!"

"Bendera ilikuwa inashuka."

Mama wa ndizi akaangua kicheko. "Chef, umuachilie. Huyu mutoto iko mujinga wa kweli, haiko wa kununua sokoni."

Paluku hakucheka. "Foto ni ya nini?"

Nikamweleza habari za koko na macho yake, na hapo maneno yangu makubwa yote yakanikimbia. Kisha akanirudishia simu, akasogea kando.

"Piga moja. Na mimi nisionekane ndani."

Nikapiga. Lakini mkono, ule shujaa wa vita, ulitetemeka, jengo likatoka limeinama kama mlevi. Sikuthubutu kuomba ya pili. Nikaituma Aru hivyohivyo, kwa aibu.

Asubuhi ikaja kwenye simu sauti ya koko: "Mutoto wangu, nimeona nguzo. Nimeona na mulango. Nyumba imeinama, lakini ata siku ile ya ndoa niliiona vile, maana miguu ilikuwa inanitetemeka."

Basi na wajue watu toka Aru hata Tchomia, na wanahistoria waandike, nikiwemo mimi nisiye na kazi: jengo kuu la Bunia, ambalo wengi walilitamani, lilitekwa na mtu ambaye hakusogea.