Hatua Ishirini Kutoka kwa Muuza Vigoda

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nchi ya kwanza, soko la kwanza! Mke wangu alitaka tupumzike kidogo. Kupumzika! Tuliacha vitanda vyetu tuje kupumzika huku? Nimempangia masoko manne ya kienyeji, nchi nne, juma moja. Yeye anatafuta kitu kimoja tu: kigoda kirefu cha mama yake, ambaye magoti hayamruhusu tena kuchuchumaa jikoni. Ameshamwahidi. Nikamwambia aniachie mimi. Nina mbinu. Unataja bei, muuzaji anakataa, unageuka unaondoka zako. Kufika hatua ya ishirini, lazima akuite.

Leo nilifika hatua ya sitini. Nikatokea kwa wauza samaki. Hakuna aliyeniita. Mke wangu alinikuta nimesimama kwenye maji ya barafu, viatu vimelowa chapachapa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nchi ya pili. Mabasi mawili na foleni ya mpakani, lakini miguu inaniwasha kwa hamu. Muuza vigoda alikataa bei yangu. Nikageuka. Hatua ya kumi na nane nikasikia, "Mjomba! Wee mjomba, rudi!" Moyo ukaruka! Nikarudi kwa maringo, polepole, asinione nina shida.

Nilikuwa nimesahau kofia.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nchi ya tatu. Kwenye nyumba ya wageni tumemkuta mwalimu mstaafu, naye anazunguka masoko. Simpendi. Hana hata ratiba! Leo alikaa kwa mama muuza vikapu asubuhi nzima, akamuuliza hali ya wanawe, akamsaidia kufukuza mbuzi. Alipoinuka akapunguziwa bei bila kuomba. Mke wangu akaniuliza mbona sisi hatusalimii watu. Nikamweleza kwamba salamu hupandisha bei.

Kwa upande wa kigoda: hatua mia moja na zaidi. Nikapotea. Aliyenirudisha ni huyo huyo Mwalimu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Safarini. Mwalimu yumo kwenye basi letu! Mke wangu kamwalika. Wamekaa kiti kimoja wanamenya machungwa. Mimi niko nyuma, juu ya tairi.

Tuliposimama kuchimba dawa, mke wangu alinivuta pembeni. Akasema limebaki soko moja. Nikimwacha tena amesimama mbele ya kigoda kama mjinga, na yeye ataondoka zake, arudi kwa mama yake. Alisema kwa sauti ndogo. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo. Niliogopa, sifichi. Nikaapa sitaondoka.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kigoda murua! Miguu mitatu, mti mgumu, urefu ndio huo huo wa magoti ya mama mkwe. Nikataja bei ya dharau. Muuzaji akasema, "Haya, chukua."

Haya, chukua? Papo kwa papo? Basi kina kasoro! Au ningeshuka zaidi! Mke wangu alikuwa ameshakikumbatia. Nilikumbuka kiapo changu, naapa nilikikumbuka, lakini miguu iligeuka yenyewe. Hatua ya ishirini nikachungulia nyuma. Mke wangu analipa. Mwalimu kamshikia mkoba.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mke wangu amefungasha. Ameniaga hapa kituoni bila hasira yoyote. Akasema anampelekea mama yake kigoda, na kama nataka twende wote, niseme tu.

Niseme tu! Hapo ndipo wanaponaswa wasioijua biashara. Nikanyamaza. Akaelekea kwenye basi, kigoda kwapani. Nikaanza kuhesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini, akageuka! Akasimama, akanitazama, akangoja. Nilitamani kukimbia. Lakini mtu akishageuka, amelegea. Nikajifanya naangalia nyanya za muuzaji wa jirani.

Nilipoinua macho, kwenye kiti cha dirishani alikuwa amekaa yeye, na Mwalimu pembeni yake. Basi likaondoka, na sasa limeshakata kona. Pasi yangu ya kusafiria imo mkobani mwa mke wangu. Nimekaa palepale, barabara nimeipa mgongo, nisionekane nina shida. Sasa hivi ataniita.