Katibu wa Kelele na Podikasti ya Kabla Hatujaoga

Jumatatu, 4 Machi

Wewe unayesoma haya, sikujui, lakini nakusihi: yaishie kwako. Soma kwa macho tu, midomo isicheze. Usimsimulie hata mumeo au mkeo. Nina kazi ya kudumu, nina shangazi mwenye presha, na aibu nilizo nazo zinanitosha.

Habari mbaya. Wachezaji wangu wa badminton wamewekewa sharti. Nasema wangu ingawa hawanijui. Mmoja tunamwita Nyavu, maana hucheza mbele, karibu na wavu, na hapitwi na kitu. Mwenzake ni Radi. Hukaa nyuma, na akikichapa kile kinyoya wanachochezea badala ya mpira, hata sisi wa jukwaani huinama. Mazoezi yakiisha, hukaa chumba cha kubadilishia nguo, jasho likiwachuruzika, wakarekodi podikasti yao, Kabla Hatujaoga. Hubishana kuhusu soksi, magoti na wachumba waliowaacha. Kila asubuhi mimi huisikiliza kwa sikio moja kabla ya kupanda ghorofani kwa Mkuu wa ofisi. Bila vile vicheko vyao ningeishia kwenye ngazi.

Sasa kocha wao anasema domo limezidi mazoezi. Wakishindwa mechi ya Jumamosi, maikrofoni inafungiwa kabatini kwake. Basi. Hakuna tena Kabla Hatujaoga!

Mchana mhasibu wetu akaitisha kikao cha mashabiki wa ofisini. Ni dada mwenye akili kali, tunamwita Kikokotoo. Uenyekiti ni wake kwa sababu juu ya meza yake kunaning'inia kinyoya kilichochapwa na Radi mwenyewe, kimenyonyoka kama kuku mgonjwa. Akauliza nani atasimamia kushangilia. Nikajikuna sikio. Akasema ahsante, mkono ameuona. Nimekuwa Katibu wa Kelele! Mimi, ambaye nikijigonga kwenye mlango huuomba mlango radhi.

Jumanne, 5 Machi

Katibu wa Kelele lazima awe na kelele. Nikaanza mazoezi nyumbani. Nikapiga ukelele mmoja, shangazi akaja mbio na ufagio akidhani nimeumwa na nyoka. Nilipomweleza, aliuliza kama hao wasichana wanajua hata kwamba sili bamia. Nikasema hawajui. Akasema basi niwaache wapige manyoya yao, mimi nikaoge.

Nikahamia kazini. Mimi ni karani wa masijala, chumba cha mafaili, na mwishoni kabisa kuna pengo kati ya kabati la mwisho na ukuta. Nikajibanza humo, nikavuta droo ya chini, nikaingiza kichwa. "Raaadi!" Mwangwi mzuri ajabu. Kumbe mzee tarishi alikuwa ameingia kuchukua faili. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini taratibu, kisha viatu vikiondoka bila taratibu. Amempelekea Mkuu taarifa kwamba droo inaita radi. Mkuu amemshauri apunguze chai.

Jumatano, 6 Machi

Ajabu! Kipindi kipya kimetoka, na Nyavu amesema kinachowaponza si podikasti. Ni sisi! Anasema kinyoya kikija katikati yao, lazima mmoja aite: "Yangu!" au "Iache!" Mashabiki wakipiga kelele hawasikilizani, wanagongana kama ng'ombe mlangoni. Akaomba kwa upendo tukae kimya kinyoya kikiwa hewani. Radi akaongeza kwamba mwenye tarumbeta alipeleke kwao.

Nilitaka kulia kwa furaha. Kimya! Kimya ndiyo fani yangu!

Kikokotoo hakufurahi. Alikwisha kununua matarumbeta ya plastiki, mekundu, boksi zima. Akasema shabiki bubu ni mtu aliyepotea njia akitafuta choo. Lakini neno la Nyavu ni neno la Nyavu. Kikao kikaamua kwamba cheo changu kibaki kilekile, ila kazi igeuzwe. Akaniuliza kwa dharau, mbele ya watu, nitawanyamazishaje mashabiki wote wale: kwa kuwaomba samahani?

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Tofi! Dukani kwa shangazi kuna gunia la tofi zilizoyeyuka kwa joto zikagandana upya. Ukitafuna moja, meno hayaachani. Shangazi amenipa zote kwa masharti kwamba nisiseme zimetoka kwake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimezijaribu. Nikaweka bakuli mapokezi. Mzee tarishi alitafuna moja, akanyamaza asubuhi nzima, na yule si mtu wa kunyamaza. Nilijiona msomi.

Kisha Mkuu akapita, akachota mbili, akaniita nimshikie faili wakati anazungumza na makao makuu kwa simu. Makao makuu wakauliza kama mafaili yetu yamerundikana. Mkuu: "Mm." Wakauliza kama wafanyakazi watakuwa radhi kuja Jumamosi, kutwa nzima, kuyapanga. Mkuu akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, lakini kichwa hakisikiki kwenye simu. Kilichosikika ni "Mm! Mm!" Wakamsifu kwa moyo wa kujituma, wakakata.

Jumamosi! Siku ya mechi!

Mkuu akanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Nikamletea maji ya moto. Nilifikiri yatalainisha. Tofi imetoka, na jino la bandia limetoka nayo.

Ijumaa, 8 Machi

Kikokotoo kaja masijala, kafunga mlango. Akasema, "Mdogo wangu, umetuua." Nikasema nitakwenda kukiri kila kitu. Akasema nikiri, ndiyo, halafu Jumamosi nitapanga mafaili nikiwa sina kazi, na Nyavu na Radi watacheza mbele ya viti vitupu. Nikaanza kutetemeka. Akaniambia nitetemeke baadaye, sasa nisikilize. Tangu Jumanne alijua ni nani anayeita ndani ya droo. Basi nirudi kwenye pengo langu, yeye atamleta Mkuu asikilize mwenyewe; akiogopa, Jumamosi ofisi haifunguliwi.

Nilisikiliza Kabla Hatujaoga kidogo nipate moyo. Radi alikuwa anaeleza jinsi ya kuondoa harufu ya viatu. Ilinisaidia sana.

Wakaja. Mkuu shavu limevimba, kanuna. Nikafungua mdomo nipige ukelele. Sauti hakuna! Kikokotoo akakohoa. Hakuna. Akakohoa tena, kama mtu wa kifua kikuu. Mkuu akasema hana muda wa upuuzi, akageuka. Vumbi la droo likaniingia puani. Nikapiga chafya, na kwa mazoea yangu nikasema, "Samahani, mheshimiwa."

Mkuu alisimama tuli. Akaiuliza droo nani huyo. Sikuthubutu kumdanganya mkubwa wangu, kwa hiyo nikanyamaza. Akapanda ngazi kwa kasi ambayo sikujua anayo. Baadaye likashuka agizo: kesho ofisi ifungwe, ipuliziwe dawa, na atakayeuliza dawa ya nini atahamishwa.

Kikokotoo ameniambia nina kipaji. Kisha akachukua kiti changu cha mbele ukumbini, akanipa chake cha pembeni kabisa, usawa wa mstari wa nyuma. Nilisema ahsante.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulijaa. Nilisimama mlangoni na gunia, kila anayeingia nampa tofi, nikimwambia Nyavu anamsalimia. Mashabiki wa wapinzani nao niliwapa, maana haki ni haki. Mwenyewe sikula. Nilikuwa kazini.

Kimya gani kile! Ulisikia viatu vikilia sakafuni. Ulimsikia Nyavu akiita "Yangu!" na Radi akijibu kwa mguno. Hawakugongana hata mara moja. Walicheza kama watu wanaomalizia sentensi moja. Seti ya kwanza wakachukua, ya pili wakapoteza kidogo tu. Ya tatu ikavutana hadi mwisho, wapinzani wakabakiza pointi moja washinde.

Wapinzani wakakirusha kinyoya juu, mbali, kuelekea mstari wa nyuma. Radi akarudi kinyumenyume, raketi hewani. Na mimi, kutoka kile kiti cha pembeni, usawa wa mstari, nikakiona. Kinatoka! Kinatoka nje kabisa! Akikigusa amekwisha. Wachezaji wangu, podikasti yangu, asubuhi zangu zote!

Nikasimama. Sauti ambayo Ijumaa ilinikimbia ikarudi na ndugu zake wote.

"Iaaache!"

Radi akadhani ni Nyavu. Akashusha raketi.

Kinyoya kikatua juu ya mstari. Katikati ya mstari, kama kimepimwa. Mwamuzi akaonyesha kidole chini: ndani.

Wameshindwa.

Watu walitaka kulia, wakashindwa kufungua midomo. Ukumbi mzima ukasema, "Mmmmm." Sijawahi kusikia huzuni ya namna ile. Halafu vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta mwenye mdomo uliofunguka. Nami nikageuka nyuma kwa hasira kumtafuta. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Niliutazama ukuta kwa lawama hadi watu wakaondoka.

Jumapili, 10 Machi

Sikula. Shangazi akauliza hao wasichana wamekufa au vipi. Nikasema ni podikasti inayokufa, leo ndiyo kipindi cha mwisho. Akaketi kitandani kwangu, akadai nimpe spika moja ya sikioni tumsindikize maiti pamoja.

Nyavu na Radi walianza kwa ugomvi. Radi: "Wewe si ndiye uliyesema niiache?" Nyavu: "Mimi? Mimi nilikuwa naomba Mungu!" Wakaelewa. Kisha kikaanza kicheko, na kikiisha kimoja kingine kinapokea, hata shangazi akacheka na hajui wanacheka nini. Nililia na kucheka kwa pua ileile.

Kocha aliingia kuchukua maikrofoni. Wakamwomba aseme neno moja la kuaga. Akasema anamtaka yule mshenzi wa jukwaani. Halafu akaeleza ushenzi ni nini. Halafu vijana wa siku hizi. Halafu goti lake, lilivyovunjika, nesi aliyemfunga bandeji, nesi alivyokuja kuwa mkewe, mkewe alivyoondoka. Nyavu na Radi wakajaribu kuingilia. Akawaambia wasubiri, yeye bado yuko kwenye mahari. Kipindi hakijawahi kuwa kirefu hivyo. Mwishoni akasema kwa sauti ya kikatili kwamba adhabu iko palepale, maikrofoni inafungiwa kabatini kwake, ila Jumatano italetwa maana hajamaliza.

Haijafa! Haijafa!

Wakamaliza kwa kutoa tangazo. Aliyepiga ukelele ajitokeze, awe mgeni wao, hawatamfanya kitu. Kocha akasema yeye hajaahidi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kazini nimeshaandaa maneno. Nimechelewa. Kikokotoo amekwisha kuwapigia simu Nyavu na Radi, akasema ni yeye aliyepiga ukelele.

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba si kweli. Akakubali si kweli. Kisha akaniuliza taratibu, kama dada mkubwa, ningekwenda kule nikasema nini. Mtu ninayeomba samahani ndani ya droo! Ningezimia juu ya maikrofoni, wangetafuta nyingine. Akasema ananisetiri, na nikikua nitamshukuru. Nilisema ahsante. Kwa nini nasema ahsante kila mara?

Alhamisi, 14 Machi

Kipindi kimetoka. Kikokotoo alianza vizuri, akawaeleza alivyoumia, alivyowapenda, alivyosahau nidhamu yake. Radi alimhurumia. Ndipo kocha akamwomba apige ule ukelele tena. Akapiga. Kocha akasema huyu dada ni mwongo: ile ya Jumamosi ilikuwa sauti ya mbuzi anayenyang'anywa kibarua chake, na hawezi kuisahau hadi kaburini. Wamempa maji ya kunywa, wakamsindikiza. Wanamtafuta mbuzi.

Hajawahi mtu kunizungumzia hivyo. Nimekirudia kipande hicho ngazini hadi Mkuu akanikuta, na sikuogopa, nilishtuka tu.

Nimejitathmini kwa makini. Kosa langu liko wazi: ni sauti. Sauti inachanganya watu. Mashindano yajayo nitakwenda na leso mbili. Nyekundu, Radi aiache. Kijani, aichape. Nitakaa palepale usawa wa mstari, maana pale naona vizuri kabisa. Nimeanza kujizoeza mbele ya kioo, na shangazi anasema leo nimeelekeza mabasi hewa chumba kizima.

Kama wewe unayesoma ni Nyavu au Radi, kunipata ni rahisi. Njooni ofisini kabla ya mapumziko ya mchana, si kwa mlango wa mbele. Pitieni upande wa maegesho, hesabuni madirisha hadi lile lenye pazia lililofungwa kwa klipu ya karatasi. Msigonge, nitashtuka. Simameni tu mcheke, mcheke kama mnavyocheka, nami nitajua. Akitokea dada mwenye hesabu nyingi, mwambieni mmekuja kusoma mita ya maji.

Kama wewe ni kocha, yule karani alihamishwa. Hakuna anayejua alikohamia.