Kuhusu Alternata Uliyomfungia Mwanangu

Kwa Fundi Umeme wa Magari,
Gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta.

Fundi, mwanangu,

Natumai hujambo, na mikono yako haijambo, maana mikono hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni mama wa yule mwenye gari la porini la kijani, lile kuukuu lenye mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba. Shule niliishia mapema, kwa hiyo pale nitakapokosea kuandika, wewe elewa tu kwamba nimekasirika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umemtolea mwanangu alternata yake ya zamani bila kuniuliza. Ilikuwa dhaifu, najua. Iwashe taa au ichaji betri, vyote viwili haiwezi. Lakini ilikuwa na adabu. Mwanangu akija kunisalimia, akizima gari, ndiyo basi tena, haliwaki. Anafungua betri, anaileta jikoni, anaichomeka kwenye chaja, nayo inajaa polepole hadi kesho yake. Hapo ninaye. Amenitengenezea bomba, amenipakia mlango rangi, amenisimulia hadi mambo ya kazini ambayo sikuyauliza.

2. Umeweka kubwa. Ananiambia eti ukifunga alternata kubwa ukaacha waya za zamani, zinapata moto na kuungua, ndiyo maana ukamwekea mpya, nene kama kidole gumba changu, na fyuzi yake, na kutu ukaikwangua. Hongera. Waya umezionea huruma. Mama je?

3. Umeme sasa umemzidi. Ameweka taa juu ya gari utadhani ukumbi wa harusi, ameweka winchi ya kujivuta akikwama topeni, ameweka friji. Friji, Fundi! Yangu iko jikoni tupu, sina wa kumpikia. Yeye anayo nyuma ya kiti, anakuja na maji yake ya baridi, glasi yangu haigusi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi alikuja amekonda, shati linamning'inia. Akakaa ukingoni mwa kiti, akasema mama, kuna jambo, halafu akaanza kuchezea ufunguo wa gari. Zamani ningemwacha tu. Betri iko kwenye chaja, haendi kokote, jambo lingetoka lenyewe kabla chai haijapoa. Juzi akatazama simu, akasema tutaongea siku nyingine, akatoka. Nikasimama mlangoni naliombea gari likatae. Fundi, liliwaka hata ufunguo hajamaliza kuuzungusha! Kazi yako ni safi, siwezi kukusingizia. Ila jambo lenyewe silijui mpaka leo, na simu ikilia tu moyo unanipasuka.

Kwa hiyo naomba umrudishie ile ya zamani. Kama imeshakwenda kwa wauza vyuma chakavu, legeza mkanda unaoizungusha hiyo mpya, isichaji vizuri. Kama mkanda ukilegea utapiga kelele naye atashtuka, basi funga swichi ya siri, gari lizime kwenye geti langu tu. Kwingine liende salama, sitaki akwame porini. Mimi ni mama, si mchawi. Na chama chenu cha mafundi, kama mnacho, kipitishe kabisa kwamba gari la mtoto wa mtu lisiwake mpaka mama yake aseme haya, nenda.

Nisalimie wote hapo gereji, yule wa matairi, yule wa rangi, na mama muuza chai. Nisalimie na mama yako mzazi, utakapomwona. Nadhani na gari lako wewe linawaka vizuri sana.

Ni mimi, kwa heshima zote na uchungu wote,
Mama wa Gari la Kijani

Nyongeza: Nilitaka kusahau. Binti yangu, dada wa huyu, naye ana gari kuukuu kama hilo. Anakaa mbali, na anasema haji kwa sababu halichaji, anaogopa kukwama njiani. Sijamwona tangu mwaka juzi. Nimempa namba yako. Mfungie kama ya kaka yake, na kama iko kubwa zaidi mfungie hiyo, na waya nene usimbanie. Hata akifika asizime injini, sawa tu. Nitaongea naye nikiwa nimeshika dirisha.