Hotuba ya Mheshimiwa Onsongo ya Kuzindua Mpango wa Wanafizikia, Nyaramba, 1973

Bwana Chifu Angwenyi, Mchungaji Manasseh, Padri ambaye hakufika lakini ametuma kofia yake, wazee wa kamati, kina mama mlioacha kuchuma chai ili mnisikilize, na mimi mwenyewe Onsongo, mwenyekiti wenu wa Elimu, Sayansi na Mambo Yanayofanana na Hayo, hamjambo? (Makofi. Chifu anageuka kuangalia ni nani hajapiga.)

Leo Ijumaa tunazindua, kwa mujibu wa ripoti ya awali ya tathmini ya maandalizi ya planingi, Mpango wa Wanafizikia, utakaopeleka vijana mia mbili wa Nyaramba na Magwagwa chuo kikuu. Fizikia ni nini? Hilo ni swali la kitaalamu na tayari liko kwenye faili. Ila mjue kwamba aliyeisoma hakosi kazi: atatabiri hali ya hewa kule uwanja wa ndege, atapiga eksirei hospitalini, atatengeneza mitambo ya redio, atafundisha, na akirudi hapa ataiamuru mvua ya mawe ipite mbali na chai yetu, iangukie ya wale wa lokesheni jirani. (Shangwe. “Mbuya mono!” wazee wanasifu.) Kwa utafiti wangu, radi itapungua kwa asilimia mia moja na kumi.

Namwona Mama Persis amesimama. Kaa, mama. Hakai. Basi niwaeleze wananchi shida yake, maana mimi ni kiongozi msikivu. Binti yake Mong'ina ndiye pekee hapa kwetu aliyepita fizikia ya kidato cha sita. Chuo kikuu kimemwita, na fomu yake, inayotakiwa kuwa na sahihi yangu, imekaa kwangu kwa miezi miwili sasa. Mama anasema isipofika Nairobi Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, nafasi atapewa mwingine, na basi la mwisho la leo linaondoka saa tisa.

Sasa mama, mbona unanisukuma hivyo? Nikimaliza hotuba hii nitakuwa nimechoka. Kesho ni Sabato, nami ni shemasi, kalamu sishiki. Jumapili serikali haifanyi kazi. Jumatatu saa tano, bila kukosa, nitatia sahihi. (Basi linapiga honi.)

“Onsongo,” anasema Persis, “saa tano nafasi ya mtoto itakuwa imekwenda. Tia sahihi sasa.”

Mmesikia anavyoniita bila cheo? Simlaumu, ni uchungu wa mzazi, hata mimi unaniuma hapa, chini kidogo ya tai. Lakini niwaache ninyi watu mia nne mliokuja kunisikiliza kwa ajili ya mmoja? (Basi linaondoka. Mong'ina analitazama, kisha anafunga leso upya na kumshika mama yake mkono.)

Fizikia juu! Radi chini! Harambee! (Chifu anaitikia peke yake.)

Nawashukuru kwa kuupokea mpango ambao, nisiwafiche, niliubuni leo asubuhi nikinywa chai, kwa kuwa Bwana D.O., mkuu wetu wa tarafa, angepita hapa na haikufaa atukute hatufanyi lolote. Hakupita. Wizara haiujui, kamati haijakaa hata siku moja, na ofisi haikuwa hata na karatasi ya kuandikia haya niliyowasomea. Kwa hiyo shukrani za pekee zimwendee binti yetu Mong'ina, maana fomu yake upande wa nyuma ilikuwa nyeupe kabisa.