Makofi Gizani

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha ukoo. Mpwa wangu Felisian anataka kumwoa Violeth, yule binti asiyeona aliyefungua hoteli ya gizani hapa Majengo. Watu wanakula bila taa hata moja! Mji mzima unapanga foleni. Binti ana akili, nasema kweli. Ila baba yake, mzee Lwitiko aliyehamia kutoka Mbeya, anaogopa bintiye asije akadharauliwa kwa kuwa haoni. Nani awe mshenga? Mimi, mjomba! Jafeti, baba mdogo wa kijana, akadai nina mdomo, nitavunja ndoa kabla ya chai. Wivu. Ikaamuliwa mzee atualike wote wawili hotelini, achague mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Nimejifunga macho kwa kitenge cha mke wangu Hellena, nikala. Nimemega, nimechovya, nimemsifu kwa supu nyepesi ya kistaarabu. Akasema nimechovya kwenye maji ya kunawa. Hajui mazoezi ni nini.

Alhamisi, 6 Juni

Siku kubwa! Mlangoni Violeth alieleza masharti. Sikuyapata vizuri, nilikuwa namsimulia Jafeti nilivyotoka Kipili ziwani kwa mtumbwi usiku usio na mwezi, nikiongozwa na harufu ya samaki, migebuka tu.

Ndani, giza totoro! Violeth akanishika bega, akanipitisha kati ya meza bila kugusa hata kiti. Mimi uani kwangu, mchana kweupe, najikwaa. Nikamvulia kofia. Hakuna aliyeona.

Mara, pa! pa! pa! Mzee Lwitiko, ng'ambo ya meza, anapiga makofi. Mnyakyusa, ananisalimu kwa makofi kama sisi Wafipa! Machozi yalinilenga. Nikashuka magotini, nikajibu makofi mazito, kama tulivyolelewa. Ikaja sahani ya mgebuka mbele yangu. Nikala. Pa! pa! tena. Nikajibu kwa nguvu zaidi. Ukaja ugali wa ulezi. Akaja kuku. Heshima gani hii!

Ndipo mzee akauliza kwa sauti kama kwa upande wake leo ni Kwaresima, mbona hajaletewa hata tonge. Violeth akaangua kicheko: jamani mjomba, hapa makofi ni ya kuita chakula, naye hufuata yanayolia zaidi! Jafeti akadakia kwamba yeye si alisema tangu kikaoni. Mzee akauliza mbona sauti yangu inatokea chini ya meza. Nikajibu nipo magotini, namwamkia. Nusu kweli. Nusu nyingine, nilikuwa natafuta kichwa cha mgebuka kilichoniponyoka. Sikukitaja.

Kisha mzee akasema, polepole, kwamba mtu anayepiga magoti mahali ambapo hakuna wa kumwona hawezi kumdharau mwanawe. Huyo ndiye mshenga.

Jumamosi, 8 Juni

Mshenga ni mimi! Jafeti amenuna, hata pombe ya ulezi haimshuki. Nimewaambia wote nilipanga kila kofi.

Hellena anasema siku nyingine nisikilize maelekezo. Sawa. Leo asubuhi Felisian amenieleza jinsi wazee wa Mbeya wanavyotaka posa: neno gani litangulie, na lipi nisithubutu kulitaja. Kwa bahati mbaya nilikuwa namsimulia Flavian, fundi cherehani, nilivyokula gizani nisidondoshe hata mwiba. Lililonipenya ni neno moja tu, nalo sijui ni lile la kwanza au lile la mwiko.

Haidhuru. Kesho tunapeleka posa; nikikwama, napiga makofi.