Mlango wa Jiko na Drili ya Mwalimu Evodius

Jumatatu, 9 Juni 2025

Tabitha ameondoka. Si kwa ugomvi, hapana. Kwa mlango. Jana jioni mlango wa jiko, nilioufunga mimi mwenyewe kwa misumari ya bati, uliamua kumlalia mgongoni akiwa ameshika sufuria ya makande. Mgongo uko salama. Makande hayako. Asubuhi mke wangu alifunga mzigo akaenda kwa wazazi wake Kenyamonta. Ameacha ujumbe kwamba atarudi siku nitakapokuwa na mlango unaojua kusimama.

Nikajiambia atarudi kesho. Mchana akaja shemeji Nelson, mdogo wake, ambaye huendesha bodaboda na kubeba maneno ya watu bila nauli. Baba mkwe, Mzee Nchagwa, atakuja Jumamosi na wazee wenzake kuukagua mlango. Ukisimama, binti anabaki kwangu. Usiposimama, anarudi naye, halafu wataanza kuzungumza mambo mengine. Mambo gani? Nelson aliuliza tu kama nimeshazoea kujipikia.

Tena mzee ameweka sharti. Mlango niufunge mimi, si fundi. Hapo nilijiponza kidogo. Siku ya posa niliwaambia nyumba hii nimeijenga kwa mikono hii. Mikono hii ilikuwepo kweli. Ilikuwa inamwonyesha fundi pa kuanzia.

Hata hivyo! Karani wa mnada wa ng'ombe, mtu pekee hapa Morotonga anayekwenda mnadani amevaa tai, ashindwe na mbao? Mpango upo.

Jumanne, 10 Juni 2025

Mpango wenyewe ni drili ya Mwalimu Evodius. Huyu ni jirani yangu, mwalimu wa fizikia. Serikali ilimtoa Bukoba ikamleta hapa, nadhani kwa ajili ya kunisumbua. Ana drili ya umeme, ile ya waya, inayotoboa na kukaza skrubu. Anaitunza kama mtoto mchanga. Imelala kwenye sanduku lake, waya umekunjwa, biti, zile ncha za kutobolea, zimepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini.

Sikuomba moja kwa moja. Mimi si mshamba. Nilisifu kahawa ya kwao, nikasifu migomba yake, nikamsifu hata mbwa wake aliyewahi kuniuma. Mwalimu akaniuliza ninataka kuazima nini.

Kabla ya drili, somo. Jamani! Nisome maelekezo kwanza. Niangalie kama waya haujachunika. Nichomoe plagi kabla ya kubadili biti. Nivae viatu vya kufunika vidole na miwani ya plastiki inayomfanya mtu aonekane kama chura. Nitoboe tundu dogo kwanza, ndipo skrubu ifuate. Nishike mashine kwa mikono miwili. Nisivae chochote kinachoning'inia. Hapo alinitazama kifuani kwa muda. Nilidhani anaitamani tai yangu.

Nikamuuliza kama tunafunga mlango au tunarusha roketi. Akajibu taratibu, kwa ile sauti anayowawekea wanaofeli, kwamba mashine haijui kuwa mimi ni karani.

Miwani nimemwachia. Kitabu cha maelekezo nimekichukua na nimekipa kazi mara moja. Meza yangu ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Sasa haiyumbi. Nani atasema sikukitumia?

Jumatano, 11 Juni 2025

Skrubu ni feki! Nimelaza mlango juu ya meza, nimeweka bawaba, nimebonyeza swichi. Mashine inanguruma vizuri sana. Skrubu inazunguka vizuri sana. Haiingii. Nimeegemea kwa uzito wote wa mwili wangu, na mwili wangu si haba. Haiingii! Imechimba tu kivumbi kidogo, ikaanguka chini kama inanicheka.

Nimempigia binamu yangu Mokami, mwenye duka la vifaa kule Sirari, aliyeniletea hizo skrubu. Nikamweleza kwamba udugu una mipaka. Mokami amekaa karibu na Isebania ya Kenya hadi anaongea kama wa ng'ambo ya mpaka. "Wee boss," akasema, "hizo skrubu ziko sawa kabisa. Labda shida iko kwa mwenye kushika." Nikamkatia simu.

Mwalimu Evodius akapita na ndoo ya maji. Hakusalimu hata. Aliuliza tu kile kitufe cha pembeni kinaelekea wapi, mbele au nyuma. Nikatazama. Nyuma. Mashine ilikuwa inafungua badala ya kukaza. Nikamwambia ninajua, ninapasha moto injini kwa kurudi nyuma kwanza. Akasema ni jambo jipya kwake, atawauliza wanafunzi.

Nikageuza kitufe. Skrubu ikazama kama panya shimoni! Ya pili, ikazama. Ya tatu, ikazama. Furaha iliyoje! Tundu dogo la kutangulia ni la waoga.

Nilipotaka kunyanyua mlango, meza ikaja nao. Nimeufunga mlango kwenye meza ya kulia chakula, imara kabisa. Leo nimekula nimeketi chini.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimetenganisha mlango na meza. Skrubu mbili zimekatika vichwa. Kosa la meza.

Kisha nikabadili biti. Kuchomoa plagi ni kupoteza muda, maana soketi iko upande wa pili wa chumba na mimi nina kazi. Nikashika biti kwa vidole, na kiganja kikagusa swichi. Sitaandika nilichosema. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni alirudi alikotoka. Vidole vyote vipo, kimoja kimevaa kitambaa. Nikiulizwa, ni mbwa wa Mwalimu.

Baada ya hapo, fremu. Fremu ya mlango ilikuwa inacheza, ikabidi niikaze ukutani. Nilichagua mahali pazuri, moja kwa moja chini ya swichi ya taa. Pakakubali kutoboka. Ghafla, paa! Cheche, harufu, giza. Breka imeanguka nyumba nzima, na kila nikiirudisha inaanguka tena. Mwalimu alikuja na tochi na tesa ya kupimia umeme, akapima, akaniambia nimetoboa waya wa umeme uliomo ukutani, na kama nisingekuwa na bahati Tabitha angerudi kuvaa nguo nyeusi. Alikuwa mweupe kama chaki. Akakata umeme kwenye mita, akasema nisiguse kitu hadi fundi wa umeme aje Jumatatu.

Jumatatu! Wageni wanakuja Jumamosi. Nikamwomba anipe umeme wa kwake kwa ekstensheni. Alikataa. Nikamwambia basi nitamweleza Mzee Nchagwa kwamba mwalimu wa watoto wetu amenivunjia ndoa. Akakubali. Alinitazama kama mtu anayesahihisha mtihani uliojibiwa kwa picha.

Tabitha alipiga simu jioni. Nikamwambia kazi inakwenda salama. Akauliza kwa nini sauti yangu inatoka kama nipo gizani.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Mafanikio! Kwanza lakini, tukio dogo. Ekstensheni ya Mwalimu ni ndefu, imezungushwa kwenye gurudumu lake la njano. Nikavuta kiasi nilichohitaji, kingine nikakiacha kimezungushwa, kwa unadhifu. Nikafanya kazi nusu asubuhi. Mama Honoratha, mke wa Mwalimu, akatoka ndani mbio akiuliza nani anachoma ndala. Hakuna aliyechoma ndala. Gurudumu lilikuwa linafuka. Kumbe waya uliojikunja unajipika wenyewe. Mama Honoratha akaukunjua wote, akaulaza kuzunguka uwanja, huku akisema maneno ya Kihaya yasiyohitaji mkalimani.

Basi sasa waya mrefu wa njano unatoka dirishani kwao, unapita kwenye mgomba, unavuka uwanja, unafika kwangu. Unapendeza.

Mlango umesimama! Bawaba ya juu ni imara kama nguzo. Ya chini imebaki skrubu moja, na nimeiacha kwa makusudi. Hii ndiyo akili ya mtu aliyesoma. Wazee wakifika wakakuta kazi imekwisha, watasema nimeita fundi. Wakinikuta ninamalizia, mashine inanguruma, shati jeupe, tai shingoni, nani atabisha?

Tena nimegundua kitufe kidogo pembeni ya swichi. Ukikibonyeza, mashine inazunguka yenyewe bila kushikilia swichi. Ajabu Mwalimu hakuniambia. Au aliniambia? Alisema kitu kuhusu kitufe, lakini nilikuwa ninamtazama mbwa. Nimefanya mazoezi ya kusimama mbele ya kioo.

Mama Honoratha amekubali kupika chakula cha wageni. Kitawekwa jikoni kwangu, nyuma ya mlango mpya.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Niandike kwa utulivu.

Wamefika kabla ya saa sita. Mzee Nchagwa na wazee wenzake, Tabitha, Nelson, na mama mkwe. Mama mkwe! Hakuna aliyenionya. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Akikuona anapita kando, ukimwona unajificha, na heshima inabaki. Yeye, kwa adabu zake, alishukia nyuma ya nyumba ili asikutane nami mlango wa mbele. Na mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa jiko.

Niliposikia pikipiki, nikawasha mashine, nikabonyeza kitufe changu ili mkono mmoja ubaki huru kwa kusalimia. Nikainama kwenye skrubu. Tai ikaning'inia. Sikuiona ikiingia. Niliona tu mlango unakuja usoni kwa kasi.

Drili ilikunja tai hadi shingoni. Pua yangu ikabanwa kwenye mbao, mashine inanguruma chini ya kidevu, kitufe siwezi kukiona. Wazee wakafika nyuma yangu. Wakasimama kwa heshima. Nikamsikia Mzee Nchagwa akiwaeleza wenzake, "Mnaona? Anaisikiliza mbao." Mmoja akasema vijana wa siku hizi wamesoma kweli. Nelson alikuwa anacheka hadi ameketi.

Nilitoa sauti. Walidhani ni ya mashine.

Aliyejua ni mama mkwe. Alitokea pembeni ya jiko, tukatazamana, mimi kwa jicho moja. Kanuni inasema nijifiche. Nijifiche wapi? Kanuni inasema yeye asinisogelee, asiniguse. Akafunika uso kwa kanga, akapiga kelele kwamba mkwe anakufa, ninyi wanaume mnatazama nini. Wanaume walimtuliza. Walimwambia ndivyo kazi ilivyo.

Hapo mama mkwe akatazama chini, akaona waya wa njano. Akaufuata. Uso umefunikwa, macho kwenye waya, akavuka uwanja, akapita kwenye mgomba, mbwa wa Mwalimu akampisha, akafika dirishani kwa Mama Honoratha. Akachomoa plagi.

Kimya! Sijawahi kupenda kimya namna ile. Tabitha akaja na kisu, akakata tai. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninapumua, na nilipoitikia akanipiga kofi begani, la nguvu. Nikageuka, nikawaamkia wazee shikamoo. Wakaitikia.

Mzee Nchagwa akakagua. Akasukuma bawaba ya juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mlango uliomning'iniza mwanaume mzima bila kuanguka, akasema, huo ni mlango. Nimefaulu! Kisha akavuta ili aingie kula. Haukufunguka. Ile skrubu ya mwisho ilikuwa imepita bawaba, imepita mlango, imeingia kwenye fremu. Chakula ndani, wazee nje.

Mwalimu Evodius akaja. Miwani ya chura usoni, mikono ya shati imekunjwa. Akarudisha plagi, akageuza kitufe cha pembeni: nyuma. Akashika kwa mikono miwili. Skrubu ikatoka yenyewe kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Wazee wakampigia makofi. Kuchomoa skrubu moja! Mimi nimezamisha zote, nani alipiga makofi?

Jumapili, 15 Juni 2025

Tabitha amebaki. Jana jioni mama mkwe alitoa hukumu kupitia Nelson, akiwa amenipa mgongo upande wa pili wa uwanja. Mlango unatosha. Binti atabaki, maana mwenyewe amesema akiondoka tena sitamaliza mwezi nikiwa hai. Lakini nisishike chochote chenye plagi. Tabitha akaongeza pasi ya nguo. Nimekubali yote. Nilikuwa na tai iliyokatwa mkononi, hali ilihitaji busara.

Mwalimu amechukua drili yake na ekstensheni yake. Kitabu cha maelekezo alikikuta chini ya meza. Alikiinua, meza ikayumba, chai yangu ikamwagika. Nikamsamehe.

Leo nimetulia nimetafakari, kama mtu mwenye elimu anavyotakiwa. Tatizo liko wazi. Ni tai. Kila kitu kingine kilikwenda vizuri. Nimempigia Mokami Sirari, tumepatana. Ananitumia kwa basi drili kubwa kuliko ya Mwalimu, mara mbili kwa nguvu. "Hiyo ni moto, boss," amesema, "na haina mambo mengi, hata kitabu haiko ndani." Safi sana. Nimeagiza pia tai ya kipepeo, fupi, ya kukaa shingoni. Nani atanasa?

Tabitha sijamwambia. Ni zawadi ya kushtukiza. Nelson amenidokeza kwamba mlango wa jiko la mama mkwe kule Kenyamonta umeanza kulegea. Mwanamke aliyeokoa maisha yangu! Nitakwenda mwenyewe, kimya kimya, siku akiwa sokoni.

Umeme haujafika nyumbani kwao, lakini nyumba ya jirani iliyo ng'ambo ya mto ina umeme. Nimemwambia Mokami aongeze ekstensheni.